Ngozi Mbichi ya Boma la Nyakageni

Nduwayo hakuuliza lori linaondoka saa ngapi. Aliuliza ngoma inageuzwa na nani.

Inspekta Skolastika Ruhuza alikuwa amekaa mbele yake katika chumba cha mahojiano, kijitabu gotini, na alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo. Alizoea washukiwa wanaolia, wanaoapa kwa makaburi ya bibi zao, na wale wasiofungua mdomo mpaka wapewe sigara. Huyu alikuwa mkimbizi wa Burundi, mtu wa miaka hamsini hivi, shati limefumuka kwapani, naye alitaka kujua hali ya kitu kilekile alichoshtakiwa kukiiba.

"Ngoma imeibiwa, Nduwayo," akamwambia. "Ndiyo maana uko hapa."

"Ego, ndiyo, mama, nimesikia. Nauliza, huyo aliyeiiba anaigeuza?"

"Kuigeuza vipi?"

Nduwayo akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza maji yanachemshwaje.

"Ngozi niliivalisha Alhamisi. Ngozi mbichi, mama. Inakaa siku sita kivulini, penye upepo, jua lisiiguse. Saa moja asubuhi unaigeuza robo ya mzunguko. Saa nne, robo. Saa saba, robo. Saa kumi, robo. Halafu unapaka mafuta pembeni, kwenye zile mambo, vijiti vya kuishikilia, kwa kidole gumba, kidogo tu. Kwetu tunapaka siagi. Hapa siagi sikuiona, nikamwambia mzee wa makumbusho tutumie mawese. Ukiiacha siku moja, upande wa upepo unakauka mbele ya mwenzake. Unavuta. Ngozi inapasuka." Akahesabu kwa vidole. "Ijumaa niliigeuza mwenyewe. Jumamosi, Jumapili, leo. Kama imekaa tu, imeshakufa."

Akajifuta macho kwa kiganja. Skolastika akaandika saa zote nne, maana aliandika kila kitu.

Mwaka huo wa 1997 mkimbizi aliyekamatwa na kosa nje ya kambi hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa mpakani. Lori la Manyovu lilikuwa uani tayari, na Mkuu wa Kituo, Afande Bonifasi, alikuwa amempa Skolastika maneno machache asubuhi hiyo: "Una mpaka saa kumi na moja jioni. Lori halisubiri ngoma." Na kila mtu pale kituoni alijua Nduwayo alivyovuka ziwa: kaka zake wawili walibaki ng'ambo, chini ya udongo, na waliowaua walikuwa bado wanakaa kwenye kilima kilekile wakimsubiri wa tatu.

Ushahidi ulikuwa mezani. Kwanza maelezo ya mlinzi wa boma la makumbusho, Feliksi wa Ilagala: alimwona Nduwayo Jumamosi alfajiri akishuka mlima na mzigo kichwani. Pili, ndani ya mfuko wa nailoni, ngata ya majani makavu ya mgomba iliyookotwa langoni.

"Ngata ni yako?"

"Ni yangu. Ya kubebea maji ya kuloweka ngozi."

"Na Jumamosi ulibeba nini?"

"Ngozi kuukuu niliyoivua. Kwetu ngozi ya ngoma haitupwi jalalani. Nimeizika kona ya tatu, kwenye mti uliopigwa na radi. Ilikuwa kwenye gunia, nyepesi. Ngata ya nini?"

Skolastika akaichukua ngata na kuizungusha mkononi. Alizaliwa Kasulu, na alikuwa amebeba maji kichwani tangu akiwa na miaka sita mpaka siku aliyoingia chuo cha polisi. Wenzake waliookota kitu kile langoni walikuwa watu wa mabomba. Waliona ngata wakaona mbebaji. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni mtu gani mwenye akili anayetwika mti mzima wa ngoma, mzigo wa wanaume wawili, halafu anaiacha ngata yake nyuma.

"Urakoze," akamshukuru kwa Kirundi, akainuka. Saa yake ilisema mbili na robo.

*

Boma la Nyakageni liko juu ya mlima ambao Wajerumani waliuchagua ili waone kila chombo kinachokatiza ziwani, na baada yao hakuna aliyepata sababu nyingine ya kuupanda. Waingereza walilifanya gereza. Serikali ikalifanya makumbusho, ikatundika kibao, ikasahau njia. Kona ziko saba, na Landrova ya kituo ililalamika katika kila moja.

Kona ya tatu Skolastika alishuka, akaazima panga la dereva. Mti ulikuwa umepasuka katikati, mweusi. Udongo chini yake ulikuwa umechimbwa karibuni na kushindiliwa kwa mguu. Hakuchimba sana kabla panga halijagusa gunia, na ndani yake ngozi ngumu, iliyotoboka ukingoni na kukunjwa kwa adabu kama shuka. Akaitazama, akairudishia udongo. Basi mtu huyu alikuwa amesema kweli mara mbili, na ngoma haikushuka mlima huu kichwani mwake.

Kama haikushuka naye, ilishuka na nani?

Feliksi alikuwa langoni, amekaa juu ya mzinga wa shaba unaoelekea Kongo. Alisimama, akapiga saluti ya kujifunzia redioni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Uliona ngoma, Feliksi, au uliona mzigo?"

"Niliona mzigo, afande."

"Mkubwa kiasi gani?"

Mlinzi akapima hewa kwa mikono, akajishtukia, akaipunguza. Alichobaki nacho kingetosha kuku wawili.

"Hukusema hivyo kwenye maelezo."

"Waliniuliza kama nilimwona na mzigo kichwani, afande. Nikasema ndiyo. Hawakuniuliza ukubwa."

"Baada yake, mpaka leo, kuna gari lililopanda? Mkokoteni? Mtu yeyote?"

"Polisi tu, Jumamosi. Afande, hapa hata mbuzi hawapandi."

Njia ilikuwa moja na lango lilikuwa moja. Skolastika akapita chini ya tao, akainama kidogo ingawa hakuwa mrefu. Polisi walikuwa wamepekua nyumba kumi na moja kule Gungu kwa ajili ya ngoma hii. Bomani hawakupekua. Nani anatafuta kitu mahali kilipoibiwa?

*

Mzee Marselino, mtunzaji wa makumbusho, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya kaptura, na furaha yake ilimtia Skolastika haya.

"Karibu, mwanangu, karibu sana! Utaanza na chumba cha pembe au cha silaha? Watu wengi huanza na pembe."

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kwa kazi."

"Kazi itakuwepo. Kwanza uone."

Akaona. Aliona bunduki zilizopoteza vifyatulio, mitumbwi midogo ya kuchezea, chungu cha chumvi ya Uvinza, picha ya mwami, mtemi wa zamani, aliyeketi wima kabisa. Mzee alieleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayehutubia darasa, na mara mbili aligeuka nyuma kama anayewangojea waliochelewa. Nyayo zao zilirudi kutoka mwisho wa ukumbi kila walipotembea. Skolastika, ambaye kule Gungu anapika kikombe kimoja cha mchele kila jioni, alilitambua jambo lile bila kuambiwa: huyu alikuwa hajazungumza na mtu kwa siku nyingi.

Chumba cha ngoma kilikuwa kitupu. Sakafuni palibaki duara jeupe mahali ilipokaa tangu makumbusho yafunguliwe.

"Hapa ndipo," mzee akasema, sauti ikashuka. "Miaka kumi na tisa nimeipangusa vumbi. Asubuhi nilikuwa naisalimia, usinicheke."

"Sikucheki. Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi haipo. Nikateremka kwa miguu kutoa taarifa."

"Uliwaambia polisi ni Nduwayo?"

"Sikumtaja mtu. Nilisema watu wasiojulikana." Akatazama dirishani. "Feliksi ndiye aliyemtaja."

"Na ukuta huu nyuma yake kuna nini?"

"Chumba cha matundu ya bunduki. Dari limeoza. Hakifunguliwi tangu mvua ya mwaka juzi." Kisha akatazama saa ya mkononi, akashtuka kidogo. "Nisamehe, mwanangu. Tumbo la uzee. Dakika chache."

Ilikuwa saa nne kamili.

Skolastika aliingia ofisini kwake kumsubiri. Ilikuwa na meza, kitanda cha kamba na jiko la mkaa lenye majivu baridi. Juu ya sahani palikuwa na muhogo wa kuchemsha, mweupe, hata chumvi haikuonekana. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi. Akakisoma, maana kitabu cha wageni ni maelezo ya mashahidi wasiojua kwamba ni mashahidi. Stephania na watoto, Mwamgongo: pazuri sana. Elikana na wenzake, Ilagala: tutarudi. Walimu wawili, Kasulu: tumejifunza mengi. Wageni ishirini na watatu mwezi ule. Hata mbuzi hawapandi, Feliksi alikuwa amesema. Akakigeuzia kitabu kwenye mwanga. Wale wageni wote ishirini na watatu waliandika herufi "g" yenye mkia uleule uliojikunja kushoto, na mkia huohuo ulikuwa kwenye lebo ya chungu cha chumvi.

Chini ya kitabu palikuwa na barua kutoka Dar es Salaam. Iliarifu kwamba kwa kuwa kituo cha Nyakageni hakipati wageni wa kuridhisha, kingefungwa mwisho wa mwezi. Ngoma ya mwami ifanyiwe ukarabati na kukabidhiwa kwa gari litakalofika wiki hii. Vitu vingine vingeamuliwa baadaye. Mtunzaji aliyesalia asubiri maelekezo.

Akairudisha mahali pake.

Mzee alirudi akijipangusa mikono kwa leso. Alimpa Skolastika mkono tena, bila sababu, kama anavyofanya mtu aliyesahau kwamba ameshasalimia, na kidole gumba chake kiliteleza. Mawese. Kigoma nzima inanukia mawese, hilo halikuwa jambo. Lakini jiko lile halikuwashwa leo na muhogo ule haukuungwa. Tena mafuta yalikuwa kwenye gumba tu. Vidole vingine vinne vilikuwa vikavu.

Angeweza kumfunga pale pale. Badala yake alikubali kuoneshwa chumba cha picha. Gumba si ngoma, na saa saba haikuwa mbali. Mwanasheria yeyote angesema mzee alikuwa anapaka bawaba za mlango.

Zilikuwa saa tatu ndefu. Mzee alimsimulia jinsi mwami alivyotoa ngoma ile, jinsi ilivyobebwa na watu kwa zamu, na jinsi Angelina, mke wake yeye mzee, alivyokuwa anawafundisha wageni kuisalimu kwa kupiga makofi mpaka alipofariki mwaka wa themanini na tisa. Alimpa nusu ya muhogo wake. Walikula wakitazama ziwa, na mzee akasema, "Chakula kinakuwa na ladha ukiwa na mtu." Skolastika alitamani asingeisikia sentensi hiyo.

Saa saba kasoro dakika tatu mzee akainuka.

"Kuna ndege nawawekea maji. Kaa tu, mwanangu."

Skolastika akavua viatu.

*

Mlango wa chumba cha matundu ulikuwa na kufuli, na tando za buibui zilijaa kila mahali ila juu ya kufuli hilo. Sasa lilikuwa limening'inia wazi. Ndani, dari lilikuwa zima. Upepo wa ziwa uliingia kwa matundu kumi ya bunduki, mistari kumi ya hewa baridi, na jua halikuingia hata kwa moja. Katikati, juu ya mkeka, ilisimama ngoma ya mwami imevishwa ngozi mpya, rangi ya maziwa yaliyokaa. Mzee Marselino alikuwa ameikumbatia kiunoni. Alisukuma, akapumua, akasukuma tena, mpaka mambo moja ya pembeni ikafika kwenye alama ya chaki sakafuni. Robo. Kisha akachovya kidole gumba kwenye kopo.

"Nduwayo alisema itakuwa imepasuka," Skolastika akasema.

Mzee hakushtuka. Alimaliza kupaka ile mambo, akaenda ya pili.

"Haijapasuka. Iguse."

"Sitaki kuigusa. Uliiletaje?"

"Kwa kuitembeza, mguu kwa mguu. Ijumaa usiku kucha. Hatua kumi na nne." Akakaa chini taratibu, mgongo kwenye ngoma. "Gari lilikuwa linakuja kuichukua, mwanangu. Nikasema ikionekana imeibiwa, gari litarudi tupu. Watatafuta, watachoka, na mimi nitabaki nayo. Sikutaka mali. Ningebaki hapa na nani?"

"Jumamosi ulijua wamemkamata nani?"

"Jumamosi mchana. Feliksi aliniambia."

"Ukasema nini?"

"Nilisema nitakwenda Jumapili. Jumapili nikasema watamwachia tu, hana ngoma, watamfanya nini?"

"Lori linampeleka Manyovu saa kumi na moja leo. Unajua Manyovu ni mlango wa wapi."

Mzee akafunika uso kwa mikono, na mafuta yakamwachia alama mbili kwenye paji. Skolastika alimhurumia sana, na hapo hapo akamkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mwizi yeyote. Wezi huwa wanakimbia. Huyu alikaa, akahesabu saa nne kila siku bila kukosea hata moja, na katika saa zote hizo hakupata moja ya kuteremka mlima kumtetea Nduwayo.

"Vaa suruali, Mzee," akasema. "Tunashuka."

*

Injini ya lori ilikuwa inanguruma uani walipofika, saa kumi kasoro robo, kwa sababu dereva wa Manyovu alitaka kuwahi mvua. Nduwayo alikuwa anashushwa kwenye ngazi za kituo, pingu mikononi. Mzee Marselino alikuwa anapandishwa. Wakakutana katikati, na askari wote wawili wakasimama bila kuamriwa.

"Mzee," Nduwayo akasema. Uso ulimfunguka kwa kuona mtu anayemfahamu. "Wameipata?"

"Ipo."

"Iligeuzwa?"

"Niligeuza. Mara nne kila siku."

"Mafuta?"

"Kwa gumba. Kidogo, kama ulivyonionesha."

Nduwayo akatikisa kichwa kwa kuridhika, fundi aliyekuta mwanafunzi hakumwangusha. Kisha kichwa kikaacha kutikisika. Skolastika alimwona akihesabu, polepole, kama alivyohesabu asubuhi kwa vidole.

"Jumamosi uliigeuza?"

"Ndiyo."

"Na jana?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua niko wapi?"

Injini ilikuwa inanguruma. Mzee angeweza kujifanya hakusikia.

"Nilikuwa najua," akasema.

Nduwayo hakumtukana. Alinyoosha mikono yake, akamwonesha Afande Bonifasi pingu, na Bonifasi, ambaye Skolastika alikuwa ameshamnong'oneza yote, akazifungua mwenyewe. Lori likaambiwa liende. Fundi akasugua vifundo vya mikono, akatazama jua.

"Saa ngapi, mama?"

"Kumi kasoro dakika tano."

Akanyoosha kiganja. Skolastika alielewa, akampa funguo za boma, akamwita dereva wa Landrova.

"Ni kwa ajili ya ngozi," Nduwayo akasema, si kwa mtu yeyote hasa. "Ina siku mbili bado." Akapanda gari, hakugeuka.

"Kufuli lisukume juu kwanza!" mzee akaita kutoka kwenye ngazi. "Linakwama!"

Gari likatoka getini.

Ndani, Skolastika alifungua karatasi mpya ya maelezo, akaandika tarehe. Mzee Marselino aliketi upande wa pili, kwenye kiti kilekile alichokalia Nduwayo asubuhi, viganja juu ya meza. Saa ya ukutani iligonga kumi. Gumba la mkono wake wa kulia likasogea juu ya mbao, likachora nusu duara, likapaka kisichokuwepo, likaenda mambo ya pili na ya tatu, mpaka yeye mwenyewe akaliona likifanya hivyo na kulifunika kwa mkono wa kushoto.

Skolastika alisubiri litulie, ndipo akamuuliza jina lake kamili.